Ibada Isiyowataja Waliouawa

Sisi watu wa Ngara, wilaya ya Tanzania inayopakana na Rwanda, ambao mwaka 1994 tulikuwa tumeshajitambua tumeulizwa mengi kuhusu wakimbizi wa Rwanda: walikuwa wangapi, walikula nini, miti ya vilima vyetu iliishaje. Ni nadra mtu kutuuliza waliabuduje. Mimi ndilo ninalolijua kuliko yote, maana nilikuwa mkalimani wa watumishi wa kanisa waliokuja kuhudumu kambini Benaco. Kihangaza, lugha yetu ya Ngara, na Kinyarwanda vinasikilizana, na aliyelelewa karibu na mpaka hapati taabu. Miaka iliyofuata nilivuka mpaka wa Rusumo mara kwa mara kwenda kusikiliza upande wa pili. Naandika kwa sababu vijana wa makanisa yetu wanakua wakiamini kwamba mauaji ya kimbari ya mwaka 1994, ambamo Wahutu wenye msimamo mkali waliwaua Watutsi wa Rwanda, yalifanywa na watu wasiomjua Mungu.

Walimjua. Sensa ya mwaka 1991 ilionyesha kwamba karibu Wanyarwanda tisa katika kila kumi walikuwa Wakristo, Wakatoliki wakiwa wengi zaidi. Wamisionari wa Afrika, yaani Mapadre Weupe, walijenga misheni yao ya kwanza Save mwaka 1900. Mfalme Mutara Rudahigwa alibatizwa mwaka 1943, na miaka mitatu baadaye akaiweka nchi yake mikononi mwa Kristo Mfalme. Mwaka 1981 wasichana wa shule ya Kibeho walianza kusema wanatokewa na Bikira Maria, na mahujaji wakamiminika. Kwetu Waanglikana wa mpakani, Rwanda ilikuwa zaidi ya jirani, kwa kuwa Uamsho ulioenea Uganda, Kenya na Tanganyika ulishika moto Gahini katika miaka ya 1930. Bibi yangu aliokoka kwa mahubiri ya watu waliotoka huko. Alikuwa akitusimulia kwamba siku zile mtu akiokoka hakusema "mimi ni mwenye dhambi" kisha akaketi. Alitaja alichoiba, akataja aliyemwibia, na kesho yake alionekana njiani na jembe begani anakwenda kulirudisha.

Jembe hilo la bibi nimelifikiria sana tangu Benaco.

Tarehe 28 Aprili 1994 watu walianza kuvuka daraja la Rusumo, na ndani ya saa 24 walikuwa wameingia kama 250,000. UNHCR, shirika la wakimbizi la Umoja wa Mataifa, walisema hawajapata kuona umati mkubwa kiasi hicho ukivuka mpaka kwa kasi hiyo. Askari wetu waliwaamuru waache silaha, na pale mpakani likainuka lundo la mapanga, mikuki na marungu. Mapanga mengi yalikuwa ya kawaida kabisa, yale yale tunayofyekea migombani, mengine mipini yake imezungushiwa mpira wa baiskeli usiteleze mkononi. Chini ya daraja Mto Kagera ulikuwa ukileta maiti. Zilishuka na maporomoko, nyingine zimefungwa mikono nyuma, na kati yake walikuwamo kina mama na watoto. Mto ule unamwaga maji yake Ziwa Victoria. Upande wa Uganda wavuvi waliopoa miili kwa maelfu wakaizika ufukweni, na kwa muda mrefu watu wa kandokando ya ziwa waliogopa kula samaki.

Kwa hiyo aliyesimama darajani siku zile aliwaona wote kwa pamoja: waliokuwa hai wakipita juu na magodoro kichwani, na waliouawa wakipita chini. Lazima niseme bila kuzunguka kwamba wengi wa waliopita juu hawakuua mtu. Walikimbia vita, jeshi la RPF, waasi waliopigana na serikali ya Rwanda, likisonga mbele, walikimbia uvumi, walifuata viongozi wao kwa sababu ndivyo walivyozoea. Ila wauaji walikuwa miongoni mwao, na kila mtu alilijua hilo.

Kambi ilipangwa kwa komini, yaani watu wa eneo moja waliwekwa pamoja, na mara nyingi viongozi wale wale waliotoka nao Rwanda ndio walioshika orodha za mgao. Ibada nazo zikafuata mpangilio ule ule. Kanisa lilikuwa nguzo za miti na maturubai ya UNHCR juu, ambayo wenyewe waliyaita shitingi, na mabenchi ya udongo uliokandwa. Kwaya zilisimama ndani ya wiki chache. Sijapata kusikia uimbaji kama ule, sauti nne bila kinanda, kilima kizima kikiitikia. Wageni waliotoka Ulaya walilia. Waliandika katika taarifa zao kwamba imani ya watu hawa haijazimika, na waliyoyaandika yalikuwa kweli, isipokuwa hawakuelewa maneno.

Mimi niliyaelewa, kwani ndiyo ilikuwa kazi yangu. Mahubiri yalikuwa ya Kutoka, jangwa na mana. Zaburi ya 137 ilirudiwa kila mara, Israeli wameketi kando ya mito ya Babeli wakilia. Waliosikiliza walijiona wao ndio Israeli, waliopokonywa nchi. Mto wenyewe ulikuwa karibu, na hakuna mhubiri aliyeuliza mto umebeba nini. Kisa cha Kaini na Abeli, ambacho kila mtoto wa shule ya Jumapili anakijua, hakikuwahi kupita kinywani mwangu kama mkalimani, kwa sababu hakikuhubiriwa.

Kisha ulifika wakati wa ushuhuda, kama ilivyo desturi ya Uamsho. Namkumbuka mwanamume mmoja wa makamo mwenye koti la kijivu lililochanika kwapani. Alisimama, akatetemeka, akaungama kwamba alijiandikisha mara mbili kwenye mgao na familia yake ikala maharage ya watu wengine. Alitaja ni magunia au visado, alitaja wiki, akaomba apokewe. Watu wakamkumbatia, wimbo ukaanzishwa. Sina sababu ya kumshuku mzee yule kwa lolote zaidi ya maharage, na machozi yake yalikuwa ya kweli. Lakini nilitazama umati ule ukishangilia ungamo la maharage nikajiuliza imekuwaje desturi nzuri namna hii, desturi ya kuitaja dhambi kwa jina lake, imebaki hai kwa visado na imekufa kwa watu.

Katika siku hizo hizo mama mmoja alikuja kwenye hema letu kumeshakuwa giza. Alikuwa Mtutsi, mume wake Mhutu, na pale kambini alikuwa akiishi kwa kuficha asili yake. Mama yake na kaka zake watatu walikuwa wameuawa. Kila Jumapili majina ya waliofariki kambini wiki ile, wengi wao kwa kuhara damu, yalisomwa mbele ya ibada. Ombi lake lilikuwa dogo: majina manne yaongezwe kwenye orodha. "Sitaki mahubiri," alisema. "Wasomwe tu kama wenzao, niitikie amina." Mchungaji, ambaye naye alikuwa mkimbizi, alimsikiliza kwa upole mkubwa. Akamwambia Mungu anayajua majina yote. Jumapili ilipofika aliomba kwa ajili ya wote waliopoteza maisha katika vita. Mama yule aliitikia amina pamoja na watu wengine wote, akiwa hatua chache kutoka niliposimama.

Mchungaji simlaumu kwa kuogopa. Angesoma majina yale, huenda yeye au mama yule asingeamka siku iliyofuata. Katika makambi yetu ya Tanzania alikuwamo Sylvestre Gacumbitsi, bwana mkubwa wa komini ya Rusumo, aliyekamatwa mkoani Kigoma mwaka 2001 na kuhukumiwa na mahakama ya Arusha, ile ya Umoja wa Mataifa iliyosikiliza kesi za mauaji ya Rwanda. Rufaa yake iliisha mwaka 2006 kwa kifungo cha maisha, na kubwa katika makosa yake ni mauaji ya parokia ya Nyarubuye katikati ya Aprili 1994. Watu wa aina hiyo walikuwa wakiketi mstari wa mbele. Ninachokisema ni kwamba hofu ikishakaa madhabahuni hujitengenezea lugha yake. Waliouawa wakawa "waliopoteza maisha". Mauaji yakawa "vita". Watu waliozoea lugha hiyo wakiwa wamepiga magoti hawaiachi kirahisi wakisimama.

Nyarubuye nilifika baadaye, si mbali na mpaka wetu. Nilifika pia Ntarama na Nyamata, kusini mwa Kigali, ambako nako watu waliuawa makanisani. Kwanza nilitaka kuelewa kwa nini watu walikimbilia makanisani, na kila niliyemuuliza alinipa jibu lile lile: kwa sababu zamani ilifaa. Katika machafuko ya mwaka 1959, ya 1963 na ya 1973, aliyewahi kuingia kanisani alipona. Wauaji waliishia mlangoni. Wazazi waliwafundisha watoto wao hivyo. Mwaka 1994 wenye mamlaka walilijua hilo nao, na mahali pengine waliwahimiza watu waende makanisani ili wapatikane pamoja.

Kanisa la Nyamata halitumiki tena kwa ibada. Tangu mwaka 2023 limo katika orodha ya UNESCO ya urithi wa dunia, pamoja na maeneo ya kumbukumbu ya Murambi, Bisesero na Gisozi. Ndani, mabenchi yamefunikwa nguo za waliouawa, rundo juu ya rundo, zimeshachukua rangi moja ya udongo. Mtu akiinama karibu anaanza kuzitofautisha. Hii sweta ya mtoto, hili gauni lililokuwa na maua, hii suruali iliyotiwa kiraka kwa uzi wa rangi nyingine na mkono wenye subira. Paa la mabati lina matundu, na mchana mwanga unashuka kwa vitone hadi kwenye kitambaa cha altare chenye madoa ya damu. Nje ya kanisa amezikwa Antonia Locatelli, Mwitaliano aliyeishi Nyamata miaka mingi, aliyeuawa Machi 1992 kwa sababu alipiga simu kwenye redio za nje kuueleza ulimwengu kwamba Watutsi wa Bugesera wanachinjwa. Miaka miwili kabla, mtu mmoja alikuwa ameshataja.

Baada ya kutoka mahali kama hapo mtu husikia kwa uzito mwingine maneno ambayo huku kwetu tunayasema kwa wepesi: "Hawa hawakuwa Wakristo wa kweli." Nimelisikia katika semina, mazishini, hata kwa maaskofu. Nalikataa. Athanase Seromba alikuwa padre halali, mwenye parokia halali ya Nyange. Watutsi wapatao 1,500 walikimbilia kanisani kwake, na tarehe 16 Aprili kanisa likaangushwa kwa tingatinga wakiwa ndani. Akakimbilia Italia, akawa anahudumu Florence kwa jina jingine mpaka alipojisalimisha mwaka 2002. Mahakama ya Arusha ilimpa kifungo cha miaka 15, na mwaka 2008 rufaa ikakipandisha kuwa cha maisha. Siku hiyo hiyo ya tarehe 16, ambayo ilikuwa Sabato, waliuawa watu waliokimbilia Mugonero, kituo cha Waadventista. Jana yake wachungaji waliokuwa ndani walimwandikia barua kiongozi wao, mchungaji Elizaphan Ntakirutimana, wakimjulisha kwamba kesho watauawa pamoja na familia zao na kumwomba awatetee. Yeye alihukumiwa miaka 10. Watu hawa walibatiza, walizika, walifungisha ndoa. Tukisema hawakuwa wa kweli tunajitoa sisi wenyewe kwenye hesabu, na hapo hatujifunzi chochote.

Swali lililonishughulisha zaidi ni la upande mwingine: waliokataa walikataaje? Kule Gisenyi, Félicité Niyitegeka, Mhutu aliyejitoa kwa utumishi wa Kanisa Katoliki, aliwaficha Watutsi na kuwavusha usiku kwenda Goma. Kaka yake alikuwa kanali jeshini, akataka kumwokoa. Alikataa kuwaacha watu wake, akauawa pamoja nao tarehe 21 Aprili. Kule Ruhango bibi mmoja mganga, Zura Karuhimbi, aliwaficha zaidi ya watu mia katika kibanda chake na chini ya mazao. Wanamgambo walipokuja aliwatisha kwa mizimu, akajipaka na kuupaka mlango wake majani yanayowasha, akatikisa vikuku na kuwaambia watauudhi mzimu wa Nyabingi. Wakaogopa mizimu watu wale wale ambao hawakuogopa altare. Zura alifariki Desemba 2018. Kila nikimtaja katika mikutano ya kanisa kuna mtu hukunja uso kwa sababu alikuwa mganga, nami huendelea kumtaja.

Na Waislamu. Kule Mabare, mashariki mwa nchi, Waislamu Wahutu na Watutsi walisimama pamoja kuulinda msikiti wao kwa mawe na mishale, hadi wakazidiwa nguvu na wengi wakauawa. Nyamirambo na Biryogo, mitaa ya Kigali ambako Kiswahili ni lugha ya nyumbani, Watutsi wengi walifichwa katika nyumba za Waislamu. Mzee mmoja wa Biryogo, tukiwa tumeketi barazani kwake baada ya Alasiri, aliniambia hawakuwa malaika. "Sisi serikali haikutujua. Walitutenga tangu Wabelgiji. Basi walipokuja na amri zao, tulikuwa hatujazoea kuzitii." Ni kweli kwamba hawakuwa malaika. Hassan Ngeze, mhariri wa gazeti la Kangura lililowasha chuki, alikuwa Mwislamu. Lakini neno la mzee lilinifungua macho. Kanisa kubwa lilikuwa limekaa meza moja na dola kwa muda mrefu. Askofu Mkuu wa Kigali, Vincent Nsengiyumva, alikuwa kwa miaka mingi mjumbe wa kamati kuu ya chama tawala. Shule za misheni zilikuwa zimewapanga watoto kwa kabila kabla hata vitambulisho vya kikabila vya Wabelgiji havijaenea. Amri ilipotoka juu, Mkristo wa kawaida alikuwa hana hata siku moja ya mazoezi ya kukataa.

Nimekuta jambo la namna hiyo hiyo katika habari za Ulaya. Le Chambon-sur-Lignon, kijiji cha milimani Ufaransa, kiliwaficha Wayahudi kwa maelfu wakati wa Wanazi, mchungaji wao akiwa André Trocmé. Walikuwa Waprotestanti wachache katika nchi ya Wakatoliki, wajukuu wa watu waliowindwa kwa imani yao, na kumficha mtu kulikuwa jambo walilolisikia nyumbani tangu utotoni. Sisemi uchache unamfanya mtu mwema. Nasema imani inayofundisha utii tu inampa mwenye kuamuru waumini waliokwisha kuandaliwa.

Mauaji ya Rwanda yalipokwisha, makanisa yalianza kuungama, na hapo nikaiona tena ile hofu ya kutaja ya mchungaji wa Benaco, safari hii chini ya kofia kubwa zaidi. Mtu hapaswi kushangaa. Hata Ujerumani, viongozi wa Kiprotestanti walipokutana Stuttgart Oktoba 1945 na kukiri hatia ya kanisa, tamko lao halikuwataja Wayahudi. Mwaka 1996 Papa Yohane Paulo wa Pili alisema Kanisa kama Kanisa haliwezi kubebeshwa makosa ya waumini wake waliotenda kinyume cha Injili. Wapresbiteri wa Rwanda walitangulia. Mwaka huo huo waliungama hadharani kama kanisa. Maaskofu Wakatoliki wa Rwanda waliomba msamaha Novemba 2016 kwa ajili ya waumini walioshiriki, wakisisitiza kwamba Kanisa halikumtuma mtu, na wengi nchini wakaona haitoshi. Machi 2017 Papa Fransisko, alipokutana na Rais Kagame, aliomba msamaha wa Mungu kwa dhambi na mapungufu ya Kanisa na watu wake, mapadre na watawa wakiwamo. Kwa maneno hayo nilimshukuru Mungu. Miaka 23 ilikuwa imepita.

Lakini tamko la Roma ni jambo moja, na kijiji ambamo muuaji na mjane wanateka maji kisima kimoja ni jambo jingine. Mahakama za gacaca, yaani mabaraza ya vijijini yaliyohukumu kesi za mauaji hayo, zilizofungwa mwaka 2012, zilisikiliza kesi zinazokaribia milioni mbili. Watu walitoka magerezani wakarudi kwenye parokia zao, wakapanga mstari wa komunyo nyuma ya waliowafanya yatima. Kwa kuwa mapadre na wachungaji wengi hawakujua wafanye nini, walihubiri msamaha. Waliuhubiri kwa mjane. "Saba mara sabini," mama. Manusura mmoja wa Kibungo aliniambia kwamba ilifika mahali Jumapili ikawa siku anayoiogopa kuliko siku zote, kwa sababu kila mtu kanisani alikuwa akimtazama aone kama ameshasamehe, na hakuna aliyemtazama jirani yake aone kama ameshasema ukweli.

Ndiyo maana nilifunga safari hadi Mushaka, jimbo la Cyangugu, upande wa Ziwa Kivu, kwa ajili ya habari za Padre Ubald Rugirangoga. Yeye alipoteza mama yake na ndugu wengi wa ukoo wake. Alimsamehe aliyemuua mama yake, akawalipia watoto wa mtu huyo ada ya shule. Hilo linasimuliwa kila mahali na linastahili. Mimi lililonivuta ni utaratibu alioujenga parokiani, ambao hausimuliwi vya kutosha. Mtu aliyeua hakurudi kupokea ekaristi kwa sababu tu ametumikia kifungo. Alisimamishwa. Aliingia katika mafundisho ya miezi sita, kama mkatekumeni anayeanza upya. Katika miezi hiyo alitakiwa kwenda kwa familia aliyoidhulumu, aseme alimuua nani, namna gani, na mwili uko wapi. Manusura nao walikuwa na mafundisho yao na watu wa kuketi nao, na hakuna aliyelazimishwa kukubali. Mwishoni, mbele ya parokia nzima, muuaji alisimama akataja jina la aliyemuua, akaomba msamaha, na aliyekuwa tayari kumsamehe akamwekea mkono. Padre Ubald alifariki Januari 2021, na majimbo mengine yameuchukua utaratibu huo.

Nilipoelezwa hayo na mama mmoja wa parokia, akinionyesha kwa kidole mahali watu husimama mbele ya altare, nilimsikia bibi yangu akiongea. Taja ulichoiba. Mtaje uliyemwibia. Beba jembe.

Najua kasoro zake. Wapo wanaosimama kwa sababu wanataka kuzikwa na kanisa. Wapo manusura wanaosema ndiyo kwa uchovu. Hata hivyo nimeona kwamba mahali ambapo ukweli unatangulia, mjane anapata angalau mfupa wa kuzika, na mahali ambapo msamaha unatangulia hapati kitu. Mwaka 2018 huko Gasabo, pembezoni mwa Kigali, yalifukuliwa makaburi ya halaiki yenye mabaki ya maelfu ya watu, chini ya nyumba na bustani. Majirani walikuwa wakijua. Kwa miaka 24 walipita juu yake wakienda na kurudi kanisani, na humo kanisani bila shaka amani ilihubiriwa.

Huku kwetu, wiki ya kumbukumbu inayoanza tarehe 7 Aprili inapita kimya katika makanisa mengi ya Ngara. Wazee wa kanisa wameniambia ni habari ya Wanyarwanda. Kwangu ni habari yetu pia. Tuliwabatiza watoto wao, tulipokea sadaka zao, tuliwafungisha ndoa, na hao waliotafutwa na mahakama walikuwa wakiomba pamoja nasi mpaka serikali ilipowataka wakimbizi warudi kwao Desemba 1996. Kijana wetu mmoja aliyepewa daraja takatifu hivi karibuni aliniuliza ahubiri nini Jumapili ya wiki hiyo. Nilimwambia asome Mwanzo 4, kile kisa cha Kaini na Abeli, halafu kabla ya kufungua kinywa awatafute wazee wa vijiji vya mtoni, waliozika miili iliyokwama kwenye mafunjo, wamwonyeshe ni wapi. Baadhi yao bado wapo. Sehemu nyingine zimeshalimwa mihogo.

Na kwa wenzangu mliohudumu Benaco, Lumasi au Musuhura, Wakatoliki, Walutheri, Waanglikana na Wapentekoste: rejista za ubatizo na za mazishi tulizoandika kule kwa kalamu za wino zina jina la mtu, majina ya wazazi wake na komini aliyotoka. Wapo watu Rwanda wanaotafuta hata mstari mmoja kama huo. Kabla kabati la parokia halijasafishwa na madaftari ya zamani kuchomwa, yafungueni. Kama yameandikwa Kinyarwanda na hamna wa kuwasomea, niiteni, nitakuja.